George Woolf: Bingwa wa mbio za farasi aliyeishi kwa kipimo

USIKU wa kuamkia Novemba 1, 1938, mtu mmoja mfupi wa kimo aliuzunguka kwa miguu uwanja wa mbio za farasi wa Pimlico, mjini Baltimore, Marekani. Majukwaa yalikuwa matupu na giza lilikuwa limetanda. Aliukanyaga udongo kwa makini, hatua baada ya hatua, akitafuta mahali ambapo kwato za farasi hazingezama.

Udongo ulikuwa laini katika sehemu nyingi. Lakini si mbali na uzio wa ndani, nyayo zake zilihisi ukanda mwembamba ulioshindiliwa na gurudumu la trekta. Ukanda huo ulikuwa mgumu. Aliufuata hadi akaukamilisha mzunguko mzima, akauhifadhi kichwani, kisha akaondoka.

Mtu huyo alikuwa George Woolf, mzaliwa wa Canada, ambaye siku iliyofuata angempanda farasi Seabiscuit katika mbio ambazo Marekani nzima ilikuwa ikizingojea. Wapanda farasi wenzake, ambao kwa lugha ya michezo huitwa majoki, walikuwa wamembandika jina la Mtu wa Barafu, kwa sababu hakuna aliyepata kumwona akitetemeka kabla ya mbio.

Wengi waliuchukulia utulivu huo kuwa kipawa cha kuzaliwa. Wachache waliomfahamu kwa karibu walijua kwamba mtu huyo alikuwa akiishi na maradhi yaliyomlazimu kupima kila kitu: chakula alichokula, dawa aliyojidunga, na idadi ya farasi ambao mwili wake ungemruhusu kuwapanda.

Mtoto wa Alberta

Woolf alizaliwa Mei 31, 1910 katika mji mdogo wa Cardston, kusini mwa mkoa wa Alberta, karibu na mpaka wa Canada na Marekani. Hiyo ni nchi ya malisho mapana, ambako katika enzi hizo mtoto alijifunza kupanda farasi karibu sambamba na kujifunza kutembea.

Kwa upande wa Woolf, ujuzi huo ulikuwa pia urithi. Mamake alikuwa amefanya kazi ya kupanda farasi katika sarakasi, naye babake alikuwa mzoefu wa farasi tangu ujana wake. Kijana huyo alianza kwa mbio za vijijini na za maonyesho ya kilimo, zikiwemo mbio za kupokezana zilizopendwa na wenyeji asilia wa eneo hilo. Hata baada ya kupata umaarufu na fedha, aliendelea kuvaa kofia pana na viatu vya wachungaji wa ng'ombe wa kwao.

Mnamo 1928, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia rasmi katika kazi ya ujoki mjini Vancouver, magharibi mwa Canada. Baada ya muda si mrefu alielekea kusini, hadi Tijuana nchini Mexico.

Safari hiyo ilikuwa na sababu. Jimbo la California lilikuwa limepiga marufuku kamari ya mbio za farasi kwa miaka mingi, nayo sheria ya Marekani ilikataza uuzaji wa pombe kote nchini. Matajiri waliotaka starehe hizo mbili walivuka mpaka tu. Hivyo ndivyo Tijuana ilivyogeuka kuwa kitovu cha mchezo huo, hasa baada ya kufunguliwa kwa uwanja wa kifahari wa Agua Caliente mwaka wa 1929. Ni hapo jina la Woolf lilipoanza kuvuma. Mnamo 1933 alishinda mbio kuu za uwanja huo akiwa juu ya farasi Gallant Sir.

Kati ya mzani na sindano

Ili kuielewa kazi ya Woolf, ni sharti mtu auelewe mzani. Katika mbio nyingi kubwa, farasi bora hubebeshwa uzani zaidi na farasi dhaifu hupunguziwa, ili wote wawe na nafasi ya kushinda. Uzani huo unajumuisha joki pamoja na tandiko lake, na mara nyingi haukuzidi kilo 50 na ushei. Joki aliyeongeza kilo mbili aliweza kupoteza kibarua chake.

Kwa hiyo majoki wa enzi hizo walijitesa. Walishinda na njaa siku nzima, wakanywa dawa za kuendesha tumbo, wakakimbia juani wakiwa wamevaa nguo nzito ili watoe jasho. Huko Tijuana baadhi yao walijifukia hadi shingoni ndani ya lundo la samadi iliyochacha, kwa kuwa joto lake liliyeyusha mwili upesi. Wakishapungua, walipanda mnyama wa karibu nusu tani anayekwenda kwa kasi ya gari, vichwani wakiwa na kofia nyepesi ambazo hazikuzuia chochote. Waliovunjika waliachwa wajitafutie matibabu. Chama cha kuwatetea hakikuundwa hadi mwaka wa 1940.

Woolf alikuwa na mzigo mwingine juu ya huo. Akiwa bado kijana, aligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho hushindwa kutengeneza insulini, kichocheo kinachouwezesha mwili kuitumia sukari.

Laiti angeugua miaka michache kabla ya hapo, pengine historia isingemjua. Kabla ya 1922, maradhi hayo yalikuwa hukumu ya kifo. Waliomwokoa walikuwa wananchi wenzake: Frederick Banting na Charles Best, ambao kwa ushirikiano na wenzao katika Chuo Kikuu cha Toronto walifanikiwa kuipata insulini mnamo 1921 na kuanza kuwadunga wagonjwa Januari mwaka uliofuata.

Hata hivyo, dawa yenyewe ilikuwa bado changa. Ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, na hapakuwa na kifaa ambacho mgonjwa angekitumia nyumbani kujua kiwango cha sukari katika damu yake. Akijidunga kidogo kuliko inavyohitajika, angedhoofika. Akizidisha, au akijidunga kisha asile, angeweza kuzirai ghafla.

Hapo ndipo ulipokuwepo mtego wa maisha ya Woolf. Mzani ulimtaka ashinde na njaa, na sindano ilimtaka ale. Hakuweza kuitii amri moja bila kuiasi nyingine, na ile aliyoiasi ingemdai siku moja.

Aliamua kupanda mara chache. Wakati majoki wengine mashuhuri walikimbia mbio zaidi ya elfu moja kwa mwaka, Woolf alipanda wastani wa mara 200 hivi. Alichagua farasi wake kwa makini, akachunguza tabia za wapinzani, na mara nyingi alionekana akilala usingizi katika chumba cha kubadilishia nguo dakika chache kabla ya mbio kubwa. Watu waliona ni majivuno. Kwa mwili wake, usingizi huo ulikuwa akiba.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Katika maisha yake yote ya kazi, Woolf alipanda mara 3,784 na kushinda mara 721. Hiyo ni karibu mara moja katika kila mbio tano, kiwango ambacho majoki waliopanda mara nyingi kumliko waliweza kukitamani tu.

Dola laki moja

Ushindi uliomtangaza kote Marekani ulipatikana Februari 1935. California ilikuwa imeihalalisha tena kamari ya farasi, na uwanja mpya wa Santa Anita, karibu na Los Angeles, ulitangaza mbio zenye zawadi ya dola 100,000. Hizo zilikuwa fedha zisizosikika katikati ya kipindi ambapo mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na ajira.

Farasi mashuhuri wa nchi hiyo walikusanyika, miongoni mwao Equipoise na Twenty Grand. Woolf alipewa Azucar, farasi aliyezaliwa Ireland na ambaye awali alikuwa akishindana katika mbio za kuruka viunzi. Azucar aliwaacha wote nyuma.

Mwaka uliofuata alipewa jukumu la dharura. Farasi Bold Venture alikuwa ameshinda Kentucky Derby akiendeshwa na joki mwanagenzi, Ira Hanford, ambaye baadaye alisimamishwa kutokana na namna alivyoendesha mbio hizo. Woolf aliitwa kumpanda katika mbio za Preakness mnamo Mei 1936, akashinda kwa tofauti ya pua ya farasi. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kushinda Kentucky Derby, taji ambalo kila joki wa Amerika Kaskazini hulilia.

Farasi wa rafiki

Miongoni mwa marafiki wakubwa wa Woolf alikuwa John Pollard, aliyefahamika kwa jina la Red, naye pia mtoto wa Alberta kutoka mji wa Edmonton. Tabia zao zilitofautiana kama usiku na mchana. Pollard alikuwa msemaji na mpenzi wa vitabu, na alificha siri nzito: jicho lake moja lilikuwa limepofuka. Kwa miaka mingi alihangaika bila mafanikio, hadi alipokutana na Seabiscuit, farasi mdogo mwenye magoti mabovu ambaye tajiri wa magari, Charles Howard, alikuwa amemnunua kwa bei ya chini. Wawili hao walipanda kilele pamoja.

Februari 1938 Pollard alianguka na farasi mwingine huko Santa Anita, kifua chake kikapondeka. Woolf alichukua nafasi yake. Katika mbio za dola 100,000 mwezi uliofuata, Seabiscuit alibebeshwa ratili 130 (takriban kilo 59), huku mpinzani wake Stagehand akibeba ratili 100 tu. Seabiscuit alizuiwa na farasi mwingine mapema katika mbio hizo, lakini akapigana hadi mwisho, akashindwa kwa pua.

Mwezi Juni, Pollard alipokuwa anakaribia kurejea, farasi alimgongesha ukutani na kuuvunjavunja mguu wake. Woolf akawa joki wa Seabiscuit kwa mara nyingine, akashinda naye Hollywood Gold Cup mwezi Julai.

Agosti mwaka huohuo, Mtu wa Barafu alionyesha kwamba hata barafu huchemka. Katika pambano la farasi wawili pale Del Mar, Seabiscuit alikabiliana na Ligaroti. Farasi hao walikimbia bega kwa bega, na majoki wao wakaanza kushikana na kuvutana wakiwa katika mwendo wa kasi. Woolf alishinda kwa pua, kisha yeye na mwenzake wakasimamishwa kwa utovu wa nidhamu. Baadaye adhabu ililegezwa. Bila hivyo, huenda asingefika Pimlico.

Alasiri ya Pimlico

War Admiral, mpinzani aliyemngojea huko, alikuwa mwana wa farasi mashuhuri Man o' War, na mwaka wa 1937 alikuwa ametwaa mataji yote matatu makuu ya Marekani. Seabiscuit alikuwa mjukuu wa Man o' War huyohuyo, ila alikuwa yule mjukuu ambaye ukoo ulimsahau. Wacheza kamari hawakuwa na shaka. Dau kubwa liliwekwa kwa War Admiral.

Masharti nayo yalionekana kumfaa bingwa huyo. Kila farasi angebeba ratili 120 (kilo 54). Hapangekuwa na malango ya kuanzia. Wangetembea hadi kwenye mstari kisha kengele ilie. War Admiral alijulikana kwa kufyatuka kama mshale, ilhali Seabiscuit alizoea kuanza taratibu na kuwafuata wenzake kutoka nyuma.

Mkufunzi wake, Tom Smith, alikuwa ametumia majuma kadhaa kumfundisha kuruka mara anaposikia kengele. Naye Woolf alikuwa amempigia simu Pollard, ambaye bado alikuwa amelazwa kitandani. Ushauri wa rafiki huyo ulikwenda kinyume na desturi: akiwa mbele, amwache War Admiral amfikie. Pollard alijua kwamba Seabiscuit alipomwona mpinzani jicho kwa jicho ndipo aliposhikwa na hasira ya kushindana.

Watu wapatao 40,000 walijazana uwanjani, na inakadiriwa kwamba wengine milioni 40 walitega sikio redioni. Mtangazaji Clem McCarthy alishindwa kupenya msongamano kufika katika chumba chake, akalazimika kutangaza akiwa kando ya uzio. Baada ya mianzo miwili iliyobatilishwa, kengele ililia.

Seabiscuit ndiye aliyetangulia. Kabla ya kona ya kwanza, Woolf alikuwa amempita War Admiral, akamhamishia farasi wake ndani, moja kwa moja hadi kwenye ukanda mgumu alioutafuta kwa miguu usiku. War Admiral alibaki katika udongo laini.

Katika upande wa nyuma wa uwanja, Woolf alifanya alichoambiwa. Alilegeza mwendo. War Admiral akaja, akalingana naye, na kwa muda farasi hao wawili wakakimbia kama kwamba wamefungwa nira. Maelfu ya watazamaji waliamini kwamba mbio zimekwisha na kwamba bingwa angepita. Kisha Woolf akamwachilia farasi wake. Seabiscuit aliondoka hatua kwa hatua, akavuka utepe akiwa mbele kwa urefu wa farasi wanne. Alitumia dakika 1 na sekunde 56.6 kwa mwendo wa karibu kilomita 1.9, rekodi mpya ya uwanja huo.

Februari 1939, Seabiscuit aliumia mguu akiwa na Woolf mgongoni, ikadhaniwa kwamba mwisho wake umefika. Farasi huyo na Pollard waliuguza miguu yao pamoja katika shamba la Howard. Machi 2, 1940, hatimaye Seabiscuit alishinda zile mbio za Santa Anita zilizomkwepa mara mbili. Heshima ya siku hiyo ilikuwa ya Pollard, mwenye farasi wake wa tangu awali.

Woolf hakukosa farasi wengine. Alimpanda Challedon, aliyetunukiwa hadhi ya Farasi wa Mwaka 1939 na 1940. Septemba 1942 alikuwa juu ya Whirlaway, bingwa wa mataji matatu ya 1941, katika pambano jingine la wawili dhidi ya Alsab huko Rhode Island. Safari hii pua iliamua dhidi yake.

Kona ya mwisho

Kufikia mwisho wa 1945, Woolf alikuwa amepunguza zaidi kazi yake. Kisukari kilikuwa kimemchosha, na alikuwa na uwezo wa kifedha wa kustaafu. Lakini uwanja ulimwita, na marafiki hawakuacha kumwomba.

Alasiri ya Januari 3, 1946, katika uwanja uleule wa Santa Anita uliompa umaarufu, alipanda farasi aliyeitwa Please Me katika mbio za nne. Zilikuwa mbio za kawaida tu, zisizo na taji wala zawadi ya kutajika. Walipokuwa wakiingia kona ya kwanza, Woolf aliteleza kutoka tandikoni, akaanguka na kugonga kichwa chini. Hakuzinduka. Aliaga dunia siku iliyofuata, Januari 4, akiwa na umri wa miaka 35.

Wengi waliomfahamu waliamini kwamba alizimia akiwa juu ya farasi, na kwamba kipimo alichokuwa amekilinda kwa miaka mingi kilimponyoka kwa sekunde moja. Mkewe, Genevieve, alibaki mjane. Katika mazishi, mwigizaji na mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe, Gene Autry, aliimba wimbo wa matandiko yasiyo na wapandaji.

Wapenzi wa mchezo huo pamoja na majoki wenzake walichanga fedha, na mwaka wa 1949 sanamu ya Woolf ikazinduliwa pale Santa Anita. Amesimama na tandiko lake mkononi, akiielekea sanamu ya Seabiscuit iliyokuwa imetangulia kuwekwa mwaka wa 1941.

Mnamo 1955 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mbio za farasi nchini Marekani, na mwaka wa 1976 Canada ikampa heshima kama hiyo. Kizazi kipya kilimfahamu kupitia filamu ya Seabiscuit ya 2003, ambamo nafasi yake iliigizwa na Gary Stevens, ambaye mwenyewe alikuwa joki bingwa.

Lakini kumbukumbu inayodumu zaidi ni Tuzo ya George Woolf, inayotolewa kila mwaka tangu 1950 kwa joki ambaye mwenendo wake umeuletea mchezo huo heshima. Wanaopiga kura ni majoki wenyewe, na hakuna awezaye kuipokea zaidi ya mara moja. Mshindi hupewa nakala ndogo ya sanamu ile ya Santa Anita.

Mwaka wa 1979 kura hizo zilimwendea Mkanada mwingine, Ron Turcotte, aliyempanda farasi Secretariat kutwaa mataji matatu mnamo 1973. Wakati huo Turcotte alikuwa ameketi katika kiti cha magurudumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameanguka uwanjani na kupooza miguu, na hakupanda tena. Wenzake waliomchagua walijua walichokuwa wakikienzi, kwa sababu kesho yake, kama kila siku, wao wenyewe wangesimama juu ya mzani, kisha wapande.